Daktari wa Mtu Mmoja

 

Mazungumzo ya leo ni juu ya daktari anayelipwa na nyumba moja. Jambo hili limeingia mjini kwetu Ujiji, Kigoma, polepole, bila tangazo wala ubao barabarani. Watoto wako Dar es Salaam, Mwanza au Muscat, mzazi amebaki Ujiji na presha yake na sukari yake. Watoto wanakubaliana kwenye kikundi cha simu, wanachanga, wanamtafuta nesi mstaafu au daktari kijana, wanampa kitu kila mwezi. Naye anakuja nyumbani, anapima, anaandika, anapokea simu hata saa nane ya usiku. Hakuna mwanasheria aliyeandika mkataba. Lakini ni mkataba: fedha inatumwa kwa simu, na mtaalamu wa afya anakuwa wa familia ile.

Nimesikia watu wakilisema jambo hili kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni majivuno ya wenye watoto nje. Wapo wanaosema ndiyo maendeleo, na kila mwenye uwezo afanye hivyo, wengine Mungu atawasaidia. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kile kinachonunuliwa. Mtaani kwetu yuko mzee mmoja anayehudumiwa hivyo, na nilikuwapo barazani nesi alipokuja. Alifika kwa bodaboda, naye ni mama mwenye mvi. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, karibu." Hakutoa mashine. Alikaa kwanza, wakaongea habari za mvua na za mjukuu aliyefaulu, mpaka mzee alipokuwa ametulia kabisa. Ndipo akamwomba aweke miguu yote miwili chini, asiikunje, akachukua kanga ya mama wa nyumba, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kigoda ili mkono wa mzee ukae sawa na moyo. Akafunga mkanda wa mashine, akapuliza, akasikiliza. Mia na sitini na nane kwa tisini na sita. Aliandika kwenye daftari la shule bila kusema neno, kisha akaomba aletewe vidonge.

Vikaletwa. Akavihesabu kwenye kiganja, akatazama tarehe ya kununuliwa. Vilikuwa vingi kuliko ilivyopasa. Akauliza kwa upole, naye mzee akasema ukweli ambao hakuwahi kuusema hospitalini: alikuwa anameza siku moja, anaruka siku moja, ili visiishe haraka, maana mara nyingine vinakosekana kwenye dirisha la dawa hospitalini, na dukani bei ni kubwa. Nesi akauliza tena, chakula je? Mama wa nyumba akacheka kidogo, akasema mzee hali mboga bila dagaa wa chumvi. Ndani ya muda usiofika saa moja sababu ya presha isiyoshuka ilikuwa imejulikana. Mzee huyu alikuwa amekwenda kliniki mara nyingi kabla ya hapo, na kila mara aliongezewa dozi.

Hii ndiyo thamani yenyewe, wasikilizaji. Mashine ile ile ipo kituo cha afya, na dawa ni zile zile. Kilichonunuliwa ni muda, na mtu anayekujua. Tabibu mwenye benchi refu mlangoni hawezi kuhesabu vidonge vya kila mzee kiganjani. Si kwamba hana huruma. Akimpa mmoja saa nzima, wengine watarudi nyumbani bila kuonwa.

Wamarekani walifanya jambo hili kuwa biashara kamili. Mwaka 1996, mjini Seattle, daktari Howard Maron, aliyekuwa daktari wa timu ya mpira wa kikapu ya SuperSonics, alianzisha na mwenzake kampuni ya MD2. Aliona jinsi mchezaji ghali anavyohudumiwa na daktari asiye na haraka, akajiuliza kwa nini mtu mwingine mwenye fedha asipate vivyo hivyo. Ada ilikuwa maelfu ya dola kwa mwaka, mbali na gharama za hospitali. Mwaka 2000 huko Florida ikaanzishwa MDVIP, yenye ada nafuu zaidi: daktari anapunguza wagonjwa wake hadi wasizidi 600 hivi, ambapo daktari wa kawaida wa familia kule huwa na wagonjwa 2,000 au zaidi. Mgonjwa anapata miadi siku hiyo hiyo, namba ya simu ya daktari mwenyewe, uchunguzi wa mwaka ulio kamili. Wengi walioingia wanasema hawatatoka.

Lakini fanyeni hesabu. Daktari aliyekuwa na watu 2,000 akibaki na 600, watu 1,400 wametolewa mlangoni siku hiyo. Nchini Marekani wale 1,400 watahangaika, lakini mji ule una madaktari wengine. Je, Ujiji? Saa ya daktari inayonunuliwa na nyumba moja hapa kwetu inatoka kwenye fungu dogo sana. Kama ni nesi mstaafu, hatujapoteza kitu, kwa kweli tumepata: ujuzi wa miaka mingi uliokuwa unakaa bure umerudi kazini. Ila kama ni tabibu kijana anayetoka zamu mapema ili awahi nyumba tatu za mjini, hapo wagonjwa wa benchi ndio wamelipa, na wao hawakuulizwa. Mimi naona tofauti hii ni kubwa, na kila familia inayomtafuta mtu wake ingepaswa kumuuliza kwanza: saa hizi unazonipa umezitoa wapi?

Nchi yetu imeshawahi kulijaribu jibu kali. Miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, sheria ya hospitali binafsi ya mwaka 1977 ilizuia watu kufanya tiba kuwa biashara ya faida. Mashirika ya dini yakaachwa yaendelee. Nia ilikuwa njema. Daktari aliyesomeshwa na jasho la mkulima wa pamba na kahawa asije akawa mali ya wenye fedha. Lakini dawa zilipopungua na mishahara ikashuka thamani, wagonjwa na madaktari walikutana kwa siri vyumbani. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, tiba binafsi ikaruhusiwa tena, na kuanzia 1993 hospitali za serikali zenyewe zikaanza kutoza wagonjwa sehemu ya gharama. Leo hata Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki za kulipia kwa anayetaka kumwona bingwa bila kungoja sana. Sina ugomvi na mpango huo pale fedha inapoingia kwenye mfuko wa hospitali na bingwa akabaki pale pale, akikimbilia wodi ya kawaida akiitwa. Marufuku ile ya 1977 haikuondoa haja ya watu ya kujulikana na daktari wao. Haja hiyo ni ya kibinadamu, na maskini anayo sawasawa na tajiri.

Na sasa niwarudishe nyuma zaidi, kwenye Ujiji ya misafara, kwa sababu mji wetu ulishaona waziwazi kwamba daktari wa peke yako hatoshi.

Tarehe 14 Machi 1869 mmisionari na msafiri David Livingstone aliletwa Ujiji akiwa hoi kwa homa ya mapafu. Watu hukumbuka zaidi mwandishi wa habari Stanley alivyokuja kumtafuta mwaka 1871, na mwembe walipokutania, na salamu yake iliyosafiri dunia nzima. Mimi namkumbuka yule Livingstone wa 1869, kwa sababu alikuwa daktari, mwenye cheti cha Glasgow tangu 1840. Dawa ya homa ya malaria alikuwa akiichanganya mwenyewe, kwinini pamoja na dawa za kuendesha tumbo, na baada ya kufa kwake kampuni ya Uingereza ilikuja kuuza vidonge kwa jina lake. Kama kuna mtu aliyekuwa na daktari wa peke yake saa 24, ndiye yeye. Lakini Januari 1867 watu waliomtoroka njiani waliondoka na sanduku lake la dawa. Kwa zaidi ya miaka miwili daktari huyo alijua hasa anaumwa nini na anahitaji nini, na hakuwa nacho.

Alipofika Ujiji alitegemea kuzikuta dawa alizoagiza kutoka Unguja. Hazikuwapo. Sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa imetawanywa, na dawa zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, yaani Tabora, mwendo wa siku 13 kuelekea mashariki.

Nani alimfikisha hapa akiwa hai? Mfanyabiashara Muhammad bin Gharib, mtu wa Pwani, aliyekuwa akisafiri pamoja naye alipoumwa asiweze kusimama. Alimtafutia mtu wa kumpiga chuku kifuani, akamtunza, akamweka juu ya kitanda akabebwa siku baada ya siku mpaka ziwani, kisha akavushwa kwa mtumbwi. Muhammad bin Gharib alikuwa na biashara ya pembe na ya watumwa. Livingstone alikuwa akiipinga biashara hiyo kwa nguvu zote. Wema ule haufuti uovu ule, na sisi tuliozaliwa katika mji huu hatuna haja ya kuficha. Nikiisoma habari hiyo nawafikiria pia waliobeba kitanda. Mabega yale ndiyo yaliyomwokoa daktari, na majina yao hakuna aliyeyaandika.

Narudia neno moja hapo: Tabora. Serikali ilianzisha Bohari ya Dawa mwaka 1993, na kwa miaka mingi bohari ya kanda inayotuhudumia sisi wa Kigoma imekuwa Tabora. Siku hizi ni lori, si mpagazi, na barabara nayo si ile. Lakini mzee wetu anayeruka siku moja kati ya mbili anafanya hivyo kwa hofu ile ile, kwamba dawa ipo, iko mahali fulani mashariki, na huku haijafika. Nesi wa nyumbani aligundua kwamba vidonge vinarukwa. Hawezi kuvileta vidonge visivyokuwepo. Watoto wa Muscat wakitaka, watavinunua famasi ya binafsi, na presha ya mzee itashuka. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta mwenye presha ile ile ataendelea kuruka.

Kuna mambo mengine ambayo hata fedha za Muscat hazifiki. Fikirini usiku, mama mjamzito anatoka damu. Awe wa nyumba ya ghorofa au ya udongo, atahitaji chumba cha upasuaji, mtu wa dawa ya usingizi, mtungi wa oksijeni uliojaa, na damu ya kundi lake. Vitu hivyo tunavitafuta hospitali ya rufaa ya mkoa ya Maweni, na tatizo likiwa kubwa zaidi, tunasafirishwa mpaka Bugando, Mwanza. Hakuna familia ya Ujiji inayoweza kuwa na benki yake ya damu. Damu haiuzwi kisheria. Inatoka kwa watu waliojitolea mapema, wengi wao hata hawamjui atakayeipata. Na mama huyo akiwa anatoka Mwamgongo au kijiji kingine cha kaskazini kisicho na barabara ya maana, yote yataanza na boti ya mbao, injini, mafuta, na ziwa kukubali. Daktari wa familia anaweza kupiga simu Maweni waandae chumba, na simu hiyo ina faida kubwa. Lakini lazima kule inakopigwa kuwe na chumba cha kuandaa.

Niwaambie pia habari ya daktari mwingine wa mtu mmoja, nayo ina upande wake mzuri. James Christie, Mskoti, alikuwa daktari wa Sultani wa Zanzibar. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, kikaua maelfu, Christie hakubaki kungoja Sultani aumwe. Alikwenda kuuliza manahodha, wafanyabiashara, watu wa misafara waliorudi kutoka bara: ulikiona wapi, mwezi gani, kilipita njia ipi? Kutokana na majibu hayo alichora njia ya ugonjwa kutoka nchi ya Wamasai kuja Pwani na kusambaa kwa misafara kuelekea bara, njia hizi zetu zikiwemo, akachapisha kitabu chake London mwaka 1876. Aliitwa daktari wa mtu mmoja, lakini kazi aliyoifanya ilikuwa ya watu wote, kwa sababu alikuwa ameelewa kwamba ikulu na mtaa zinakunywa maji yanayokaribiana.

Sisi tunalijua hilo kuliko wengi. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipomiminika Kagunga, kule mpakani, maelfu kwa maelfu kwenye kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kililipuka na watu wapatao 30 wakafa. Meli ya Liemba na boti nyingine zilikuwa zikiwatoa watu kule kuwaleta Kigoma, huku wahudumu wakigawa maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Siku zile tajiri wa Ujiji na mchuuzi wa migebuka pale Kibirizi walikuwa na kinga moja tu: maji yaliyotiwa dawa, choo, na nesi wa serikali aliyekesha.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme nesi wa nyumbani anapewa shilingi 10,000 kila anapokuja, mara nne kwa mwezi. Ni 40,000. Kwa mwaka ni 480,000. Kwa watoto wanne wenye kazi si mzigo wa kuvunja mgongo, na wakikwepa kiharusi kimoja cha baba yao watakuwa wamepata zaidi ya walichotoa. Anayeuliza kama inafaa, nitamjibu inafaa. Kiharusi kinamlaza mzee, kinamwondoa binti mmoja kazini ili amwogeshe na kumgeuza, kinakula akiba ya ukoo.

Sasa wekeni hesabu nyingine pembeni. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018, uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Zile 480,000 za mzee mmoja zingetosha kaya 16, watu hadi 96. Wengine husimama hapo na kuanza kumlaumu mzee. Mimi nasema geuzeni hesabu muitazame kwa upande wa pili. Shilingi 30,000 kwa watu sita ni chini ya shilingi 420 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Kwa fedha hiyo hatuwezi kushangaa dirisha la dawa likiwa tupu. Wengi wetu tulikata kadi, tukakuta dawa haipo, hatukukata tena mwaka uliofuata; na kwa kuwa tuliobaki nje tukawa wengi, waliobaki ndani wakawa wale wagonjwa zaidi, na mfuko ukazidi kukauka. Mwenye afya anaingia siku anapoumwa. Bima ya namna hiyo haiwezi kusimama popote duniani.

Ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo inataka kila mkazi awe ndani ya bima, na wasio na uwezo walipiwe. Naiunga mkono kwa moyo wangu wote, na naitaka itekelezwe huku Kigoma kwa ukweli, siyo kwa kadi tu. Tuliona Machi 2024 hospitali binafsi nyingi zilipogoma kuwapokea wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sababu ya bei mpya za huduma. Wenye kadi, watu waliokatwa kwenye mishahara yao kila mwezi, walirudishwa getini. Kadi bila huduma nyuma yake inamvunja mtu moyo vibaya kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Lakini bima itanunua dawa na upasuaji. Ule muda barazani, kanga iliyokunjwa mara nne, nani ataulipa? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi.

Kile kilichomsaidia mzee wetu hakikuhitaji daktari. Alikifanya nesi, na sehemu yake kubwa angeweza kuifanya mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa vizuri: kuhesabu vidonge, kuuliza chakula, kupima, kuandika, kujua lini ampeleke kituoni. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwapa ujira wahudumu wa jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Kwa miaka mingi wahudumu hawa wamefanya kazi kwa kujitolea, wamepewa fulana na baiskeli na asante. Kina mama hawa wa mitaa yetu wanajua nani kajifungua, nani anakohoa wiki ya tatu, mzee gani haonekani tena msikitini. Wakilipwa kila mwezi bila kukosa, wakapewa mashine ya presha na ya sukari na betri zake, kila mzee wa Ujiji atakuwa na yule mtu anayemjua. Tusiwaache wakacheleweshewa posho mpaka wakate tamaa, kisha tukasema mpango haukufaa.

Hili si jipya hata katika mwambao huu. Mwaka 1960, Jane Goodall alipokwenda Gombe kutazama sokwe, mama yake Vanne alifuatana naye. Wakati binti anapanda milima, mama alifungua kliniki ndogo ufukweni kwa wavuvi, na dawa za kawaida alizopewa na kaka yake aliyekuwa daktari wa upasuaji. Hakuwa daktari. Aliosha vidonda ndugu kwa maji ya chumvi, akarudia kesho, akarudia keshokutwa, na vidonda vikafunga. Watu walikuja kwa mitumbwi kutoka mbali kwa sababu alikaa nao.

Na waganga wetu wa jadi je? Ujiji ina sifa yake katika hilo, na tangu 2002 sheria ya tiba asili imewatambua na kutaka wasajiliwe. Watu hawaendi kwa mganga kwa sababu ya majani peke yake. Wanakwenda kwa sababu mganga atauliza jina la babu, ugomvi wa shamba, ndoto, safari. Atakaa nao mpaka jua lizame. Wapo wanaodhuru, wanaomkalisha mwenye sukari mpaka mguu unaoza, na hao wasiachwe. Lakini hospitali ikitaka kushindana nao itoe pia masikio.

Basi ninyi mnaomlipa mtu wa nyumbani, msiache. Ila mwambieni namba anazoziandika zifike pia kliniki ya presha na sukari ya kituo cha afya, zisiishie kwenye kikundi cha familia, ili siku mzee akizidiwa, tabibu wa zamu asianze sifuri. Mkateni mzazi bima, hata kama mnamlipa nesi, kwa sababu nesi hana chumba cha upasuaji mkobani. Na anapokuja kumpima baba, akimpima na jirani aliyekaa naye barazani, gharama haitaongezeka.

Na sisi wengine tuna mahali pa kusemea. Kila kituo cha afya na zahanati ya serikali ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi ndani yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingi za uendeshaji zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenyewe, na kamati ina haki ya kujua kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimenunua dawa, na dawa za presha na sukari zilikosekana wiki ngapi. Wengi wetu hatumjui hata mwakilishi wetu. Kesho mkipita ofisi ya mtaa, muulizeni mwenyekiti jina lake, na siku kamati itakapokaa tena. Mzee anayeruka vidonge amtafute mwakilishi huyo amweleze kisa chake chote, pamoja na tarehe alizokwenda dirishani akaambiwa hakuna.